Kabla Ukuta Haujapigwa Plasta: Kumchagua Fundi Umeme na Kuielewa Kazi Yake

Kazi ya mwashi na ya seremala hubaki wazi mbele ya macho ya mwenye nyumba, lakini kazi ya fundi umeme hufunikwa. Nyaya zikishapitishwa katika mabomba ya plastiki na ukuta ukapigwa plasta, kinachoonekana ni swichi, soketi na taa tu. Na taa kuwaka si ushahidi wa usalama, kwa kuwa hata katika nyumba isiyo na waya wa ethi taa huwaka vizuri. Kwa hiyo mwenye nyumba hana budi kujua mambo machache ya msingi mapema, ili aweze kuuliza na kukagua wakati ambapo kosa bado ni rahisi kurekebishwa.

Nchini Tanzania, wajibu wa TANESCO, shirika la umeme, huishia kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani, nyaya zote ni jukumu la mwenye nyumba. Kazi ya kuzitandaza hupaswa kufanywa na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambayo hutoa leseni kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Nchini Kenya jukumu kama hilo ni la EPRA. Asiye na leseni, hasa anayejifanya mtumishi wa shirika, watu humwita kishoka. Wapo mafundi wa mtaani wenye ujuzi wa kweli, wengine wamehitimu vyuo vya ufundi vya VETA, lakini ni busara wafanye kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni, anayetia saini na anayeweza kuulizwa hitilafu ikitokea.

Umeme wa nyumba ya kawaida huingia kwa volti 230, na kila soketi hupaswa kufikiwa na nyaya tatu: waya wa moto unaoleta umeme, ambao siku hizi huwa wa kahawia na zamani ulikuwa mwekundu, waya wa nyutro unaourudisha, ambao ni wa buluu na zamani ulikuwa mweusi, na waya wa ethi, wa kijani na njano, ambao mambo yakiwa sawa haupitishi umeme. Kiasi cha umeme unaopita huitwa mkondo, hupimwa kwa ampea, na hupatikana kwa kugawa wati zilizoandikwa kwenye kifaa kwa volti 230. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,200 vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja huvuta karibu ampea 15, ilhali ekstensheni yenyewe imetengenezwa kwa ampea 13. Ndiyo maana plagi hupata moto hadi plastiki yake ikababuka.

Wengi huuliza kwa nini sakiti breka hukata umeme mara kwa mara. Breka ni swichi inayojizima mkondo unapozidi kiwango chake, na kazi yake ni kuulinda waya usichemke na kuwasha moto ndani ya ukuta. Kwa sababu hiyo kila breka hulinganishwa na unene wa waya wake: kwa kawaida taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10, soketi hupewa waya wa 2.5 na breka ya ampea 20, na shawa ya umeme ya wati 5,500, inayovuta ampea 24 peke yake, hupewa waya wake wa 6 na breka ya ampea 32. Fundi anayeng'oa breka ya 20 inayokata kila mara, akafunga ya 32 bila kubadilisha waya, huwa amemwondoa mlinzi, na tangu hapo kitakachozidiwa kwanza ni waya uliofichwa ukutani.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba breka hiyo haimlindi mtu. Mkondo unaozidi miliampea 30, yaani sehemu 30 kati ya 1,000 za ampea, ukipita mwilini kwa muda waweza kuvuruga mapigo ya moyo, ilhali breka ya ampea 20 huhitaji zaidi ya mara 600 ya kiasi hicho ndipo ikate. Ulinzi wa mtu hutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni ethi: fimbo ya shaba, au ya chuma iliyopakwa shaba, hupigiliwa ardhini na kuunganishwa kwa waya na bati la nje la friji, jiko au pasi, ili umeme unaovuja upate njia ya kwenda ardhini. Njia hiyo hudhoofika udongo unapokauka. Ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme, ukiwa omu 20, hupitisha ampea 11.5 tu, kiasi kisichoweza kuishtua breka ya 20. Hapo ndipo huhitajika cha pili, kifaa kinachouzwa kwa jina la RCCB, ambacho hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata umeme katika sehemu ndogo ya sekunde. Kitufe chake chenye herufi T kikibonyezwa, umeme lazima ukatike. Usipokatika, kifaa kibadilishwe.

Swali jingine ni la uniti za LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, zinazoisha upesi. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa nzima. Vifaa vyote vikizimwa na kuchomolewa, meni swichi ikiachwa imewashwa, na taa ndogo ya mita ikaendelea kumweka, yamkini upo umeme unaovuja au kifaa kilichosahauliwa, na fundi mwenye vipimo ndiye wa kuitwa; kufungua mita hakumhusu fundi wala mwenye nyumba.

Basi makubaliano na fundi yataje idadi ya soketi na taa, unene wa nyaya, RCCB na ethi. Kabla ya plasta, mwenye nyumba apige picha za kila ukuta, ili baadaye msumari usije ukapigiliwa juu ya waya. Kabla ya umeme kuwashwa, adai vipimo viwili viandikwe: ukinzani wa ethi, na uzima wa ngozi ya nyaya, ambao hupimwa kwa volti 500 na haupaswi kuwa chini ya megaomu 1. Fundi aliyeifanya kazi yake vizuri hatasita kupima mbele ya mwenye nyumba, na anayekataa kupima hastahili kulipwa malipo ya mwisho.