Kusaidiana tukiwa mbali: afya ya akili na simu wakati wa janga

Mtu akifiwa, majirani huja. Wengine hupika, wengine huchota maji, wengine hukaa tu pamoja naye usiku kucha. Hakuna anayeachwa peke yake na huzuni yake.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19, umekuwa janga la dunia. Katika nchi nyingi watu walikatazwa kukusanyika. Hatua hiyo ilikuwa ya kuokoa maisha, lakini iliondoa pia faraja ya kuwa pamoja. Waliofiwa walizika wakiwa wachache. Wagonjwa walilazwa bila ndugu kando ya kitanda. Waliokuwa wakiishi kwa kibarua cha siku walikosa kazi.

Makala hii inaeleza tafiti zilionyesha nini kuhusu afya ya akili katika kipindi hicho, na kama simu na intaneti ziliweza kuwafikia waliokuwa na shida. WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura mwezi Mei 2023, lakini magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Mkoa wa Kagera nchini Tanzania ulikumbwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Tuliyojifunza tutayahitaji tena.

Ukubwa wa tatizo

Hofu na huzuni wakati wa janga ni jambo la kawaida, na watu wengi hupata nafuu wenyewe. Lakini kwa baadhi huzuni haiondoki. Mtu hupoteza hamu ya kula, hukosa usingizi, huacha kazi zake na kujiona hana thamani. Hali hii ikiendelea kwa wiki mbili au zaidi, huenda ni ugonjwa wa sonona. Wengine hushikwa na wasiwasi usioisha hata pasipo na hatari karibu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la Lancet ulikadiria kwamba janga hilo liliongeza wagonjwa wa sonona wapatao milioni 53 duniani katika mwaka 2020, na wagonjwa wa wasiwasi wapatao milioni 76. Kwa kila hali, hilo ni ongezeko la zaidi ya robo. Wanawake na vijana ndio walioathirika zaidi.

Wakati mahitaji yalipoongezeka, huduma zilipungua. Mwaka 2020 WHO iliziuliza nchi 130 kuhusu huduma zao za afya ya akili. Asilimia 93 zilijibu kwamba baadhi ya huduma muhimu zilivurugika au kusimama. Nchi nyingi zilianza kutoa ushauri kwa simu au video. Hata hivyo, tofauti ilikuwa kubwa. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi tajiri zilifanya hivyo, lakini kwa nchi maskini haikufika nusu.

Mfano wa Lebanon

Lebanon ilikuwa na shida nyingi kwa wakati mmoja. Uchumi wake ulianza kuporomoka mwaka 2019. Ilikuwa imewapokea wakimbizi wengi kutoka Syria. Kisha korona ikaingia, na tarehe 4 Agosti 2020 mlipuko mkubwa ukaharibu bandari na mitaa ya Beirut.

Katika kipindi hicho WHO na Wizara ya Afya ya Lebanon walikuwa wakijaribu programu ya simu iitwayo Step-by-Step, maana yake "Hatua kwa Hatua". Ina vipindi vitano. Mtumiaji husoma au kusikiliza hadithi ya mtu aliyepatwa na sonona, ambaye anaeleza jinsi alivyopata nafuu. Kupitia hadithi hiyo anajifunza mambo ya kufanya: kupumua polepole ili kutuliza mwili, kurudia shughuli ndogo ndogo alizoziacha, na kuwatafuta tena watu wanaomjali.

Jambo muhimu ni kwamba mtumiaji hakuachwa na simu peke yake. Kila wiki msaidizi aliwasiliana naye kwa muda wa dakika 15 hivi. Wasaidizi hawa hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wasio wataalamu wa tiba ya akili waliopewa mafunzo, na mtaalamu aliwasimamia.

Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2022 zilipima matokeo. Moja ilihusisha wakimbizi 569 kutoka Syria, na nyingine watu 680 wanaoishi Lebanon. Washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilitumia programu, na jingine lilipewa maelezo mafupi na kuelekezwa mahali pa kupata huduma. Waliopewa programu walipungukiwa na dalili za sonona kuliko wenzao, na miezi mitatu baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Hata hivyo, washiriki wengi waliacha kabla ya kumaliza. Tusisahau jambo hili tunaposikia sifa za programu mpya. Kuipakua programu ni rahisi. Kuendelea nayo wakati moyo ni mzito, chaji imeisha na watoto wanataka chakula ni jambo jingine.

Sauti ya mtu ina uzito gani?

Mwaka 2021 watafiti walichambua kwa pamoja tafiti 39 kuhusu matibabu ya sonona kwa njia ya intaneti. Waligundua kwamba wenye sonona kali au ya wastani walinufaika zaidi walipokuwa na mtu wa kuwaongoza. Wenye dalili nyepesi walinufaika karibu sawa hata walipotumia programu wenyewe. Kwa hiyo si kila mtu anahitaji kupigiwa simu, lakini aliyelemewa zaidi ndiye asiyepaswa kuachiwa programu tu.

Teknolojia yenyewe haihitaji kuwa ya gharama kubwa. Kabla ya janga, watafiti walifanya kazi na wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda. Waliotumia njia hiyo walikutana kwa vikundi mara tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao na kutumia kitabu cha picha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mfadhaiko wao ulipungua. Mwaka huo huo WHO ilitoa bure kitabu cha picha chenye mazoezi ya namna hiyo, pamoja na sauti zake, ili watu waweze kujifunza wakiwa nyumbani.

Ujuzi huu umesafiri pande zote. Mjini Nairobi wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa njia ya mazungumzo matano iitwayo PM+. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake 421 wa huko, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, ulionyesha kwamba njia hiyo iliwasaidia. Wakati wa korona njia hiyo hiyo ilitumika Hispania kwa video, kwa wafanyakazi wa afya waliokuwa wamechoka na kulemewa. Walianza na mwongozo wa kujisaidia kwenye simu, na ambao hawakupata nafuu ya kutosha wakaongezewa mazungumzo hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wenye washiriki 232, ulionyesha kwamba wasiwasi na sonona vilipungua.

Hatari za kuangalia

■ Simu si ya kila mtu. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na mara nyingi inashikwa na mume au kijana mkubwa. Anayehitaji msaada zaidi huenda ndiye asiye na simu.

■ Faragha ni ngumu. Mwanamke anayepigwa nyumbani hawezi kuongea huku anayempiga ameketi karibu naye. Ujumbe ulioachwa kwenye simu unaweza kumletea madhara.

■ Siri zinaweza kuuzwa. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza kampuni moja ya ushauri kwa intaneti dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo. Usimshauri mtu aandike siri zake katika programu ambayo huijui mwenyewe.

Kumsaidia mtu kwa simu

Huhitaji kuwa mtaalamu ili kumsikiliza mtu vizuri. Mambo yafuatayo yanaweza kukusaidia:

■ Anza kwa kuuliza: "Uko mahali unapoweza kuongea?" Kubalianeni neno moja la kawaida ambalo akilitamka utajua kuwa kuna mtu karibu, nawe ubadilishe mazungumzo.

■ Panga siku na saa, na uitimize ahadi hiyo. Kwa mtu aliyekata tamaa, simu iliyopigwa kwa wakati ina maana kubwa.

■ Gharama isiwe yake. Akubipu, nawe umpigie.

■ Sikiliza zaidi ya unavyosema. Usiharakishe kumwambia ajikaze au kwamba imani yake ni haba. Akitaka muombe pamoja, fanyeni hivyo, lakini mpe kwanza nafasi ya kumaliza kueleza.

■ Msaidie achague jambo moja dogo la kufanya kabla ya simu ijayo, kama vile kutembea hadi kisimani na jirani. Ukipiga tena, muulize lilikwendaje.

■ Ukihisi kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali, usikate simu kabla ya kumpata mtu wa kukaa naye. Waliopo nyumbani waondoe sumu ya mimea, dawa na kamba karibu naye, kisha wampeleke hospitali.

■ Fahamu mapema ni kituo gani cha afya kilicho karibu kinachohudumia wagonjwa wa akili. Andika namba yake mahali utakapoiona.

■ Nawe uwe na mtu wa kuongea naye. Anayebeba mizigo ya wengine huchoka.

Simu haiwezi kuchukua nafasi ya jirani anayekuja na sufuria ya uji. Lakini siku ambayo jirani huyo hawezi kuja, inaweza kufikisha sauti yake.

Maswali ya kujadili

■ Wakati wa korona, ni nani katika jamii yetu waliobaki peke yao? Tulijuaje hali zao?

■ Ni nani kati yetu hawana simu? Tungewafikiaje kama tungezuiwa kukutana?

■ Je, tunaweza kuteua watu wachache leo, tukawafundisha kusikiliza, kabla mlipuko mwingine haujatokea?