Leseni ya Lori ni Amana

Zamani mizigo ya pwani ilikwenda bara vichwani mwa wapagazi. Misafara ya karne ya 19 ilichukua nguo, shanga na waya, ikapiga kambi Mumias kwa Nabongo Mumia, kisha ikarudi na pembe. Kiongozi wa msafara alikabidhiwa mali ya watu na roho za watu. Akiaminika, tajiri humpa mzigo mwingine. Akiharibu, habari zilimtangulia kufika Mombasa.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na malori. Hutoka Kilindini, yakapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, yakateremka Webuye na Bungoma hata mpakani Malaba, mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Kutoka Kitale nako, mahindi ya Trans Nzoia hushuka kwa njia ya Kamukuywa kuungana na barabara kuu Webuye. Vijana wetu wengi wa pwani riziki yao iko katika njia hiyo. Basi na tuulize: dereva hupatikanaje, na sifa yake huilindaje?

HERUFI ZIMEHAMA

Wazee walizoea kusema, "Fulani ana BCE," na wasikilizaji wakamtazama kwa heshima. B ilikuwa ya malori na E ya motokaa. Leo herufi zimepangwa upya: A ni ya pikipiki, B ya motokaa, C ya malori, na D ya magari ya abiria. Atakaye kukokota trela hutafuta CE. Wala hapewi mtu trela siku ya kwanza. Hupanda daraja kwa daraja.

Mwanafunzi huchukua leseni ya muda, huingia shule ya udereva, kisha husimama mbele ya mtahini wa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Hapo ndipo penye kioja. Kijana aliyekulia juu ya trekta huko Kitale, ajuaye kulinasua lori matopeni wakati wa masika, huwekewa ubao uliochorwa mji mdogo wenye njia panda na mizunguko, akaambiwa akisukume kigari cha mchezo kwa kidole. Jasho humtoka! Mikono yaijua gia, lakini hajui ni nani mwenye haki ya kutangulia penye mzunguko. Ndipo baadhi yao hushawishika kutafuta leseni ya mlango wa nyuma.

Leseni ya namna hiyo yaweza kumdanganya askari, lakini mteremko haidanganyi. Watu wa Bungoma hawajasahau ajali ya Kamukuywa ya Disemba 2017. Na tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori moja liliacha njia likawavamia abiria na wachuuzi, wakafa watu zaidi ya 50.

KULINDA JINA

Kupata leseni ni mwanzo tu. Sheria yamtaka dereva wa lori asipite kilomita 80 kwa saa, wala asiendeshe zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Webuye kuna mizani, na mzigo uliozidi huonekana papo hapo. Anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10. Zaidi ya hayo, waajiri wengi hudai cheti cha tabia njema kitolewacho na polisi wa upelelezi, baada ya alama za vidole kuchukuliwa.

Lakini adui wa rekodi safi aghalabu si ujinga. Ni haraka. Tajiri apiga simu: mzigo ufike Malaba kabla ya alfajiri. Malipo ni kwa safari, basi kila saa ya usingizi yaonekana hasara. Dereva hutafuna miraa, akaongeza mwendo, akaomba Mungu asikutane na trafiki. Ajali ikitokea, aliyekamatwa usukani ni yeye. Tajiri atapata dereva mwingine. Dereva hatapata jina jingine.

Kwa hiyo rekodi safi haijengwi na bahati. Hujengwa na kukataa kudogo kudogo: kukataa gunia la ziada, kukataa kuondoka na breki mbovu, kukataa kuendesha huku macho yanafumba. Wenye malori nao wana sehemu yao, maana amsukumaye dereva usiku kucha ameshiriki katika litakalotokea. Misikiti iko kando ya njia, na msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza sala. Hakupewa ruhusa ya kuhatarisha roho za wenziwe.

Dua ya safari isomwe, naam. Ila tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Ngamia wa leo ana magurudumu, na kamba yake ni breki.