Harufu ya Maji Taka Bafuni Ina Njia Yake

Wengi wakisikia harufu ya maji taka bafuni hukimbilia dawa ya kusafishia na manukato. Fedha hupotea bure hapo, maana mara nyingi harufu hiyo ni hewa ya shimo iliyopata njia ya kuingia ndani, hata kama vigae vinang'aa. Kinachoizuia ni maji kidogo yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki, ndani ya choo na chini ya tundu la sakafuni. Alexander Cumming alipata hataza ya choo chenye kona hiyo huko Uingereza mwaka 1775, na mabomba ya leo bado yanaitegemea. Bafu la wageni lisipotumika wiki kadhaa, maji hayo hukauka. Basi mimina maji ya kutosha kwenye kila tundu, usubiri hadi kesho yake. Harufu ikikatika, umepata jibu bila kumlipa fundi.

Atakuwepo wa kusema: maji yapo, na bado kunanuka. Ni kweli, hutokea. Ukivuta maji ya choo na sinki likagugumia, huenda bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa limeziba, au halikuwekwa kabisa (jambo la kusikitisha katika nyumba mpya), na maji ya kwenye kona yananyonywa. Choo kikitikisika ukikikalia, kagua kiungio chake na bomba. Usiizoee tu harufu hiyo: gesi yake yenye salfa, ikizidi, huua uwezo wa pua kuinusa.