Kifafa, Moto na Woga: Kazi ya Daktari Louise Jilek-Aall huko Mahenge

Mchungaji anayehudumu vijijini, Kalenga na kwingineko, hukutana siku moja na mtu mwenye makovu ya moto usoni au mikononi. Akiuliza, pengine ataambiwa kwamba mtu huyo ana kifafa. Katika makala haya twapenda kueleza kazi ya daktari aliyeuchunguza ugonjwa huo ng'ambo ya bonde la Kilombero, katika nchi ya Wapogoro.

Louise Jilek-Aall alizaliwa Norwei mwaka 1931, akasomea utabibu, kisha akaja Tanganyika. Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, baada ya kuona jinsi wagonjwa walivyokuwa wengi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1992 ulithibitisha jambo hilo: wilayani Ulanga, katika kila watu 1,000, wapatao 10 walikuwa na kifafa.

Alikuta imani kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Kwa hiyo aliyeangukia motoni aliweza kuachwa aungue, kwa kuwa jirani aliogopa kumgusa. Kwa hakika kifafa hakiambukizi kwa kugusana. Chembe za ubongo hupashana habari kwa nguvu ndogo za umeme. Nyingi zikichachamaa kwa pamoja, mwili hutikisika na fahamu hupotea. Dawa ya fenobabitoni, ikimezwa kila siku, iliwapunguzia wengi degedege hizo. Lakini daktari huyo hakutoa vidonge tu. Alisikiliza pia wenyeji walivyouelewa ugonjwa, na mwaka 1965 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake.

Aliwaona pia watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara, wenyeji walisema, "amesinzia kichwa." Hali hiyo ilikuja kujulikana pia Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini. Wataalamu wa leo wanaihusisha na minyoo inayoenezwa na usubi, ingawa namna inavyoudhuru ubongo ingali inachunguzwa.

Yatupasa sisi watumishi wa Kanisa kujifunza nini? Injili ya Marko, sura ya 9, yasimulia habari za kijana aliyeanguka mara nyingi motoni na majini. Wako wanaoisoma habari hiyo na kumwamuru mgonjwa atupe dawa zake, ili aonyeshe imani. Hilo ni kosa la hatari, maana dawa ikikatizwa ghafula degedege huweza kurudi kwa nguvu na hata kuua. Baba wa kijana yule hakumwacha mwanawe. Alimleta apate msaada. Nasi tuombe pamoja na mgonjwa, kisha tumsindikize hospitali. Akianguka, tumwondoe penye moto, tumlaze ubavu, tusimtie kitu kinywani, tukae naye hata azinduke. Kutaniko likimwona mchungaji wake akimshika mgonjwa bila hofu, litakuwa limefundishwa.