Macho hayatoki: Kosa la filamu ya Mirihi na hewa ya duarani

Ukiweka filamu ya Total Recall kwenye kibanda umiza cha Kharumwa, kwa wachimbaji wa Nyang'hwale, hutahitaji kumweleza mtazamaji mengi. Ni habari ya mji wa wachimbaji, tajiri aliyeishika hewa yao mkononi, na Arnold Schwarzenegger anayekuja kumharibia. Ila mgodi wenyewe uko sayari ya Mirihi.

Filamu hiyo ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Paul Verhoeven, inakumbukwa sana kwa tukio la mwisho. Watu wanatupwa nje pasipo hewa, nyuso zinavimba, macho yanachomoza kama mayai. Kisha hewa inafika, na papo hapo nyuso zinarudi zilivyokuwa, bila hata wekundu machoni.

Makosa ya filamu ni mengi. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 tu ya ule wa dunia, kwa hiyo kiroba cha mawe cha kilo 50 kingekuelemea kama cha kilo 19. Lakini ndani ya filamu kila mtu anatembea kama yuko sokoni. Hilo tulisamehe. La macho lina madhara, maana linaficha kinachoua kweli.

Kadiri mgandamizo wa hewa unavyopungua, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kharumwa, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kileleni Kilimanjaro ni karibu 80. Mirihi mgandamizo haufiki hata asilimia moja ya ule wa pwani yetu, hivyo joto la mwili pekee linatosha kutokotesha mate na machozi. Mwili huvimba, lakini ngozi huuzuia usipasuke, na macho hubaki mahali pake. Kinachoua ni ubongo kukosa oksijeni.

Mwaka 1966 huko Houston, Marekani, fundi wa NASA, Jim LeBlanc, alikuwa akijaribu suti ya anga ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, mara bomba la suti likachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate kutokota ulimini. Hewa ikarudishwa haraka, akapona.

Mchimbaji wa Nyang'hwale hatafika Mirihi, lakini duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi, anaweza kuzimia vivyo hivyo, ghafla na bila kelele. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka chini ya 10, mtu huishiwa nguvu na kuanguka kabla hajajua kinachompata. Hatari zaidi ni kaboni monoksidi, inayotoka kwenye baruti na kwenye pampu ya petroli iliyoshushwa chini kuvuta maji. Haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ni rahisi kudhania malaria au uchovu.

Mshumaa ukizimika, oksijeni imepungua. Ukiendelea kuwaka, bado haukuhakikishii kitu kuhusu kaboni monoksidi. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na ndege wadogo, kanari, wa kuwaonya kuhusu gesi hiyo, hadi mwaka 1986 vipimo vya umeme viliposhika nafasi yao.

Kwa hiyo pampu na jenereta zibaki juu, mbali na mdomo wa duara. Baada ya kulipua, mashine ipulize hewa kwa muda wa kutosha kabla ya mtu kushuka. Na mwenzako akianguka chini, usimfuate mikono mitupu, maana wengi hufa wakiokoa. Pulizeni hewa, pigeni 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Ukimwita aliye chini asipoitika, usimshushe mtu mwingine kwa kamba. Ushushe kwanza mpira wa hewa.