Sasisho la Windows: Lichelewe, Lisikataliwe

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Microsoft huachilia masasisho ya Windows kwa dunia nzima. Desturi hiyo ilianza Oktoba 2003, na saa yake hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambako wakati huo ni asubuhi ya kazi. Kompyuta iliyoko Kanyakine, Imenti Kusini nchini Kenya, inapokea sasisho lile lile katika mazingira mengine kabisa. Nyumba nyingi zenye kompyuta zina moja tu, mara nyingi iliyokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuuzwa huku. Intaneti yake ni hotspoti ya simu, na bando huhesabiwa kwa megabaiti. Stima inaweza kupotea mvua ikianza tu kunyesha. Ndani ya kompyuta hiyo ndimo zilimo hati za kodi za KRA, barua za maombi ya kazi, insha za watoto, hesabu za kahawa na picha za marehemu babu. Sasisho likiivuruga mashine hiyo, nyumba haina nyingine ya kuendelea nayo. Ndiyo maana watu wengi, baada ya kuumia mara moja, humwomba fundi azime masasisho yasije tena kamwe. Malalamiko yao ni ya haki, ila dawa waliyochagua ni mbaya kuliko ugonjwa.

Matukio mawili yanatosha kuonyesha kwa nini. Tarehe 2 Oktoba 2018, Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10 lililoitwa 1809. Waliolipokea mapema walianza kulalamika kwamba faili zao zimetoweka. Chanzo chake kilikuja kujulikana: mtu aliyewahi kuhamishia folda ya nyaraka au ya picha kwenye diski nyingine, akabakiza faili kadhaa mahali pa zamani, alikuta sasisho limeichukulia ile folda ya zamani kuwa masalio na kuifuta pamoja na vilivyomo. Kufikia tarehe 6 Oktoba kampuni ilikuwa imesimamisha usambazaji, na toleo lililorekebishwa halikutoka hadi 13 Novemba. Microsoft ilisema walioathirika ni mmoja katika kila 10,000 waliosakinisha, lakini takwimu hiyo haimfariji aliyepoteza kazi ya miaka. Linaloniudhi zaidi ni kwamba baadhi ya watumiaji wa majaribio walikuwa wamekwisha kuripoti kasoro hiyo kabla ya toleo kutoka, na taarifa zao zikazama katikati ya nyingine nyingi. Kwa hiyo anayeogopa sasisho la siku ya kwanza haogopi kivuli.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika mfumo wa kompyuta kugawana faili kwenye mtandao. Mwezi uliofuata, zana ya kupenyea tundu hilo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikavuja hadharani. Tarehe 12 Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kikaingia humo humo, kikafunga faili za watu na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Kiliathiri zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza, huduma zilivurugika katika taasisi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma. Kati ya kiraka kutolewa na shambulio kuanza zilipita siku 59. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja, unapata kipimo: sasisho bovu la 2018 lilitambuliwa na kusimamishwa ndani ya siku nne, ilhali waliokosa sasisho zuri la 2017 walipigwa baada ya miezi miwili. Kati ya siku nne na siku 59 kuna nafasi pana ya mtu kuwaacha wengine watangulie bila yeye kubaki wazi kwa adui. Windows 10 na 11 zenyewe zina kitufe cha kusitisha masasisho, na kwa kawaida huruhusu hadi wiki tano. Kwa kompyuta ya nyumbani ninapendekeza wiki moja hadi mbili, si zaidi.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wataalamu wa usalama, na lina uzito. Kiraka kikitolewa, wadukuzi hukilinganisha na programu ya zamani ili wajue tundu lilikuwa wapi, na zana ya kushambulia inaweza kuwa tayari ndani ya siku chache. Ni kweli, na kwa benki au hospitali, ambako mashine mamia zimeunganishwa, wiki mbili zinaweza kuwa nyingi. Lakini kompyuta iliyo nyuma ya hotspoti ya simu kwa kawaida haifikiki moja kwa moja kutoka nje, kwa sababu simu huificha anwani yake. Hatari yake kubwa huja kupitia kivinjari, viambatisho vya barua pepe, programu za wizi na flashi diski iliyotoka kuchomekwa saiba. Kwa hiyo kivinjari, yaani Chrome, Firefox au Edge, kisisubiri hata siku moja: sasisho lake ni dogo, halihitaji kuwasha kompyuta upya, na likiharibika halikuzuii kuifungua mashine. Na Microsoft ikitangaza kwamba tundu la mfumo tayari linatumiwa na wahalifu, subira ya wiki mbili ifutwe, sasisho liingizwe mara moja.

Pingamizi la pili ni la mfuko: masasisho hula bando. Ukiambia Windows kwamba mtandao unaotumia unalipiwa kwa kipimo, kwa mipangilio iliyo kwenye ukurasa wa Wi-Fi, itaacha kupakua yenyewe sehemu kubwa ya masasisho. Aliyekosa mwezi mmoja hadaiwi vitu viwili mwezi ujao, kwa kuwa sasisho la kila mwezi hubeba ndani yake marekebisho yaliyotangulia. Mtu anaweza kuipeleka laptopu penye Wi-Fi mara moja kwa mwezi na akawa amemaliza.

Tatizo kubwa zaidi huku kwetu ni stima, na hapa inafaa kuelewa kinachotendeka ndani ya mashine. Faili za mfumo zinazotumika haziwezi kubadilishwa wakati zinatumika. Kwa hiyo Windows hupakua na kuandaa faili mpya pembeni, kisha hungoja kompyuta izimwe na kuwashwa ndipo izibadilishe, huku ikiweka kumbukumbu ya kila hatua. Umeme ukikatika katikati, kumbukumbu hiyo ndiyo huisaidia mashine, ikiwashwa tena, kuamua ama kumalizia ama kurudi nyuma. Mara nyingi hufaulu, lakini si kila mara, na kompyuta ya mezani isiyo na betri inacheza bahati nasibu ambayo haikulazimika. Laptopu iwe imejaa chaji. Ya mezani isasishwe asubuhi yenye anga tulivu, na isiguswe msimu wa mvua mawingu yakitanda. Asilimia zikisimama kwenye skrini, vuta subira: diski ya zamani inayozunguka hufikia sehemu zipatazo 100 tu kwa sekunde, nayo ina maelfu ya faili ndogo za kupanga. Saa mbili bila mabadiliko hazimaanishi imekufa. Anayeminya kitufe cha kuzima kwa nguvu wakati taa ya diski bado inamemeta ndiye anayekiua kilichokuwa kinapona.

Vilevile si kila ujumbe wa kosa ni msiba. Tarehe 9 Januari 2024 lilitoka sasisho KB5034441, na kompyuta nyingi zikalikataa kwa kuonyesha kosa 0x80070643. Sababu ilikuwa kwamba sehemu ya diski inayohifadhi zana za uokoaji ilikuwa ndogo mno, kwani sasisho lilihitaji megabaiti 250 zilizo tupu humo. Na tundu lililozibwa lilimhitaji mshambuliaji aliyeishika kompyuta mikononi mwake, ili akwepe ufungaji wa diski wa BitLocker. Nyumba ambayo diski yake haikufungwa kwa BitLocker haikupoteza chochote kwa sasisho hilo kushindwa. Kompyuta iliendelea kufanya kazi kama jana. Kuifuta Windows yote na kuiweka upya kwa sababu ya ujumbe kama huo ni kulipa pesa na kuhatarisha faili bure.

Mashine ikikataa kabisa kuwaka baada ya sasisho, bado kuna njia. Ikishindwa mara mbili au tatu mfululizo, Windows kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa uokoaji, na humo, chini ya chaguo za kina, mna sehemu ya kuondoa sasisho la mwisho. Toleo kubwa jipya huruhusu kurudi kwenye la zamani kwa siku 10, kabla nakala ya mfumo wa awali haijafutwa ili kuachia nafasi. Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, kama ilivyowatokea watu wengine baada ya masasisho ya Julai 2024, utafute katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa kompyuta. Ni vyema kuuandika kwenye karatasi leo, kabla haujahitajika. Ikibidi kumwendea fundi, kauli ya kwanza iwe kwamba anakili faili kabla ya kugusa kitu kingine. Diski ambayo Windows yake haiwaki bado husomeka kupitia kompyuta nyingine au kwa mfumo wa Linux uliowashwa kutoka kwenye flashi, mradi diski hiyo haikufungwa kwa BitLocker.

Kuna wanaosema kompyuta yao ni nzee, masasisho hayaihusu tena. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazitimizi masharti ya Windows 11. Microsoft iliongeza mwaka mmoja wa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti yao. Baada ya hapo, Ubuntu au Linux nyingine nyepesi hupatikana bure na huendelea kupokea viraka, na huduma za serikali za eCitizen au maombi ya vyuo ya KUCCPS hufanyika ndani ya kivinjari kile kile. Lolote utakalochagua, usiguse kitufe cha kusasisha kabla hujanakili faili zako kwenye flashi au diski ya nje, ukaichomoa, na ukaiweka mbali na kompyuta.