KELELE ZISIZOALIKWA KATIKA REDIO YA MKONO

Somo hili lilisemwa redioni. Limeandikwa hapa ili wanafunzi walisome polepole pamoja na mwalimu wao.

Leo tutazungumza habari za redio yenyewe.

Mvuvi wa dagaa huondoka mwaloni Musoma jioni, siku zisizo na mbalamwezi, maana dagaa hufuata mwanga wa taa. Amechukua redio ndogo ya mkono apate kusikia utabiri wa hali ya hewa. Mwaloni redio inasema vizuri. Akifika ziwani na kuwasha taa, redio inavuma kama nyuki. Anadhani betri zimekwisha. Sivyo. Anayesumbua ni taa.

Zamani wavuvi walitumia karabai, nayo haikudhuru redio hata kidogo. Siku hizi wengi hutumia taa za LED. Ndani ya baadhi ya taa hizo mna kifaa kinachokata na kuunga umeme maelfu mengi ya mara katika sekunde moja, na kazi hiyo hutoa mawimbi madogo ya redio. Redio haijui kwamba hayo si ya mtangazaji. Yenyewe hupokea tu. Wimbi la kituo limetoka mbali, la taa liko hatua mbili. Ni kama mtu anayekunong'oneza huku jirani anatwanga mahindi kando yako.

Chaja nyingine za simu, hasa za bei rahisi, hufanya vivyo hivyo nyumbani. Pikipiki nayo hutoa ta-ta-ta kwa cheche za plagi yake.

Wako pia wapenzi wa mawasiliano ya redio, yaani wenye leseni ya kuzungumza hewani bila biashara. Redio yao ya mkono ikiwa karibu na mnara wa FM huzidiwa nguvu, hata kituo kikasikika mahali ambapo hakipo. Dawa yake ni ya ajabu: fupisha antena, au ondoka hapo. Watu wengi huirefusha, na mambo yakazidi kuharibika.

Sasa sikilizeni sana. Iko kelele moja ambayo hatupaswi kuichukia. Ni ile ya krak! krak! katika AM. Hiyo ni radi. Kila radi ikipiga hutuma wimbi la redio, liendalo kilomita 300,000 kwa sekunde. Ngurumo ikiwa mbali kupita kilomita 20 hivi, sikio haliipati. Lakini redio yaweza kuipata radi iliyo mbali zaidi ya kilomita 100. (Katika FM hutaisikia vizuri.) Na dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzaliwa usiku. Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo za pande zote hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda na kufanya mawingu. Ni saa zile zile wavuvi wako majini. Basi mvuvi ambaye taa yake inavuma redioni amekosa vitu viwili: utabiri, na onyo la radi yenyewe.

Tufanyeje? Weka redio katika AM, mahali pasipo kituo. Zima taa kidogo. Uvumi ukikoma, umempata mkosaji. Kisha iwashe tena, na upeleke redio upande wa pili wa mtumbwi. Hata hatua chache husaidia sana. Halafu igeuze redio polepole. Ndani yake mna kijiti cheusi, mara nyingi kimelala kwa urefu wa redio, nacho hakipokei vizuri mawimbi yanayotoka upande wa ncha zake. Ncha ikielekea kwenye taa, uvumi hupungua. Krak zikizidi kuwa nyingi na kubwa, dhoruba inakaribia au inakua: vuta nyavu, rudi.

Maswali ya darasani:
Kwa nini karabai haikusumbua redio?
Je, nyumbani kwako ni kitu gani kinachovuma redioni? Kitafute kabla ya somo lijalo, ukiandike jina lake daftarini.